Mafua ya Twiga

4 Februari

Rangi ndugu yangu,

Nimefika salama. Treni ilichelewa, na sanduku langu lilipotea kisha likapatikana limekaliwa na mama mmoja mnene aliyekataa katakata kunyanyuka mpaka amalize chai yake. Sasa nina chumba. Kina dirisha linalotazama ukuta, kitanda cha chuma, na meza yenye mguu mmoja mfupi ambao nimeuwekea kamusi ya zamani. Hakuna anayekoroma. Hakuna gitaa la besi linalotetemesha vikombe asubuhi. Kwa ukimya huu usingizi umenikataa.

Kazi ni ile niliyowaambia. Nasoma prufu za gazeti kabla halijachapwa. Tunakaa kwenye chumba kirefu, kila mmoja na taa yake na kalamu yake nyekundu, na hatusemezani. Juzi nimemwokoa waziri wa fedha asitoke kwenye ukurasa wa kwanza akiwa waziri wa fedheha. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Hapo ndipo nilipowakumbuka.

Sasa niambie: Twiga atanuna mpaka lini? Wewe ulikuja stesheni. Besi alikuja na gitaa mgongoni utadhani anakwenda vitani. Yeye, niliyelala naye chumba kimoja tangu tulipotoroka chuo cha ualimu, hakuonekana. Najua ni yale maneno ya siku ya kuniaga. Alinitungia beti papo hapo mbele ya mkahawa mzima, akaniita karani wa nukta na mikato, na watu wakapiga meza kwa kucheka. Nami nikamjibu kwamba mshairi asiyetaka kuandika mashairi yake, anayeyabeba yote kichwani, ni redio tu: ikizimwa, imezimwa. Ulikuwa mzaha. Nusu yake ilikuwa mzaha.

Mwambie sijakasirika. Au acha, usimwambie. Mwambie koti letu sikuondoka nalo, liko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Msalimie Besi.

Wako,
Koma


19 Februari

Koma, karani wetu (usikasirike, jina limeshanata kama rangi ya mafuta),

Barua yako nimeisoma juu ya ngazi nikichora bango la duka la miwani. Nimemchorea mwenye duka macho mawili makubwa, anasema yanamtisha mke wake. Besi amecheka hiyo fedheha mpaka akakaa chini.

Vyumba vyetu ni vile vile viwili, juu ya fundi wa vyerehani, na sakafu bado inatetemeka akijaribu mashine. Kitanda chako, yaani ule mlango tuliouweka juu ya makreti, amekirithi Besi. Koti la ushirika lipo na lina shughuli nyingi kuliko sisi. Alhamisi lilikwenda kuonana na binti mmoja, mimi nikiwa ndani yake. Ijumaa likapiga muziki hotelini na Besi. Jumamosi jioni likaenda mkahawani kughani mashairi, mikono yake ikiishia kwenye viwiko vya Twiga kama kawaida.

Huyo Twiga wako hasemi lolote. Nilimfikishia salamu akaitikia kwa kichwa. Lakini nikuambie jambo, ameanza mtindo mpya. Hapazi sauti tena. Unakumbuka alivyokuwa anaanza, mpaka wapita njia wanasimama mlangoni? Sasa anaghani chini chini, sauti imekwaruza kama mtu anayekokota kiti. Na watu wamezidi! Wanaacha vijiko, wanainama mbele, hakuna anayekohoa. Mwenye mkahawa amezima hata feni ili asikike. Yule mwalimu wa muziki anayekaa dirishani alisema huu ndio ukomavu, na sote tukatikisa vichwa kama watu wanaojua ukomavu ni nini.

Mimi nilimuuliza, "Bwana wee, sauti imeenda wapi?" Akasema ni mafua. Halafu akasema ni harufu ya rangi zangu. Basi nimeyahamishia makopo kwenye korido, na fundi wa chini ananigombeza.

Tuandikie zaidi juu ya mawaziri.

Rangi


2 Machi

Twiga,

Nakuandikia wewe moja kwa moja, kwa sababu nimechoka kukusalimia kupitia mtu aliye juu ya ngazi.

Nasikia umepata mtindo mpya, sasa unanong'ona na watu wanazima feni. Hongera. Mimi nakujua. Nimekuona ukijifunza kusimama mbele ya kioo kilichovunjika, ukijifunza hata namna ya kunywa maji katikati ya ubeti. Kunong'ona ni mbwembwe nyingine tu, na hii ni ya chee kuliko zote, maana inawafanya wasikilizaji wakusogelee wakati wewe husogei popote.

Uliniita karani. Sawa, mimi ni karani. Naamka asubuhi, nafua shati langu mwenyewe, nalivaa peke yangu. Nikiweka alama nyekundu pembeni mwa neno, kesho yake neno hilo limenyooka kwa watu wote wa nchi hii, nao hawajui kuna mtu alilinyoosha. Wewe kila Jumamosi unaanza upya kwenye hewa tupu. Waulize Besi na Rangi wakuandikie yale ya mwaka juzi uone kama wanayakumbuka. Wewe mwenyewe unayakumbuka?

Ungekuja stesheni tungeyamaliza haya kwa maneno mawili. Hukuja. Basi nijibu, hata kwa matusi. Najua unaweza kuandika, tulikaa dawati moja.

Koma


20 Machi

Koma,

Hii ni fupi, nina bango la benki na wanataka herufi za dhahabu kabla ya Jumatatu.

Ile barua uliyompelekea Twiga, usimwandikie nyingine kama ile. Kwa sasa acha. Usiniulize kwa nini. Ameisoma akiwa amekaa kwenye kitanda chako cha zamani, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa koti. Kwa hiyo sasa inatembea mjini na sisi sote watatu.

Yeye hajambo kiasi. Alikwenda hospitali kuangaliwa koo, mambo madogo madogo tu. Jumamosi hizi mbili hakughani. Besi amepiga gitaa peke yake na watu wamekunywa kahawa yao na kwenda makwao.

Rangi


3 Aprili

Kwa mdogo wangu Koma,

Natumaini hujambo na kazi inaendelea vizuri. Mimi ni dada yake Twiga, yule mwenye saluni karibu na soko. Umekula kwangu mara nyingi, kwa hiyo niruhusu nikuandikie kama dada.

Nilichukua koti lenu nilifue, maana nyinyi mkiachiwa litatembea lenyewe. Nikakuta barua yako mfukoni. Nimeisoma, unisamehe. Nimeona hujui lolote, na wenzako wamekuficha kwa sababu yeye amewaapisha. Mimi hakuniapisha. Alijua nitakataa.

Mwenzako hana mafua. Ana uvimbe kooni, mahali pale pale sauti inapotokea, na si uvimbe mzuri. Siku uliyosafiri alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi akisubiri jina lake liitwe. Nilikuwa naye. Saa ya treni yako ilipofika alisimama, akakaa, akasimama tena. Nikamwambia, "Nenda, nitakushikia nafasi." Akasema ukimwona usoni utajua, kisha hutapanda treni, na kazi utaikosa. Akakaa.

Daktari amesema watoe kile kisanduku cha sauti chote, wamtoboe shingoni pa kupumulia. Ataishi. Hataongea tena. Wakiacha, itammaliza, na itammaliza akiwa tayari ameshanyamaza. Yeye amekataa kukatwa. Anasema yote ni kunyamaza, bora anyamaze akiwa mzima. Nimelia, nimemgombeza, nimemletea mchungaji na shehe, wote amewapa chai.

Mama hajui. Tangu mwenzako alipotoroka chuo, mama alimwambia asirudi mpaka awe na kazi inayoelezeka, na yeye akachukua neno hilo kama lilivyo. Mama yetu, unamjua kwa sifa, amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote na hazungushi maneno.

Nakuomba umwandikie. Anakutukana sana, lakini ukisema jambo huwa analitafuna.

Dada yako


9 Aprili

Twiga,

Dada amenieleza. Yale niliyoyaandika Machi yachane.

Nimeomba ruhusa nije. Wamesema hakuna ruhusa mpaka nitimize mwaka. Nilifikiria kuondoka tu, halafu nikafikiria ungesema nini ukiniona mlangoni bila kazi uliyokaa benchini kunilindia.

Kubali kukatwa. Sina beti za kukushawishi. Nataka uwepo, basi.

Na jingine. Namtuma dereva wa basi la gazeti alete redio ya kaseti ya ofisini, ile inayorekodi, na kanda mpya. Kabla ya siku ya operesheni kaa na Rangi na Besi, ghani yote unayoyakumbuka. Najua unavyosema, kwamba shairi likishawekwa mahali linaanza kuoza. Lioze. Mimi nitalisafisha.

Koma


28 Aprili

Koma,

Kaa chini kwanza. Amekubali.

Usijisifu, si barua yako. Kule hospitali alikutana na mzee mmoja fundi saa, aliyekatwa hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, anayekwenda tu kusafishwa tundu. Huyo mzee alikuwa anagombana na muuguzi kwa kibao na chaki. Anaandika tusi, anamwonyesha, anafuta kabla mkubwa wa wodi hajafika. Twiga amerudi nyumbani anacheka, sauti haitoki lakini mabega yanatikisika. Akasema kwa ile sauti ya kiti, "Kumbe mtu anaweza kuwa mkorofi vile vile." Kesho yake akaenda kuweka kidole kwenye karatasi zao.

Sasa habari ya pili, na hii sijui niiandikeje. Redio ilifika. Tulipanga Jumamosi, siku kadhaa kabla ya operesheni, tukutane mkahawani. Mwenye mkahawa alifunga mlango kwa wateja wengine. Besi alijaribu kinasa sauti, moja mbili, moja mbili. Mwalimu wa muziki alileta mto wa kuweka chini ya redio isitetemeke. Nilipaka hata bango dogo, herufi nyekundu kwenye nyeupe, nikalitundika. Koti lilikuwa limepigwa pasi.

Hakuja. Tulikaa mpaka kahawa ikaganda vikombeni. Nilikwenda nyumbani, nikakuta begi lake halipo. Fundi wa chini akasema, "Amepita asubuhi, amesema niwasalimie." Niwasalimie! Kila mtu amemwachia salamu ampe mwingine, na hakuna aliyeambiwa anakokwenda. Dada yake naye saluni ameifunga.

Nimekasirika, Koma. Zilikuwa siku zake za mwisho za kuwa na sauti, na sisi tulikuwa pale na kanda tupu. Besi amerekodi wimbo wake mwenyewe juu ya ile kanda, nami nimeshindwa hata kumgombeza.

Rangi


15 Mei

Mdogo wangu Koma,

Operesheni imefanyika Jumanne iliyopita. Ametoka salama. Ana kitambaa shingoni na kibao chake, na jambo la kwanza aliloandika ni kuuliza kama uji wa hospitali nao umefanyiwa operesheni. Basi mshukuru Mungu.

Wenzako wamenuna, nami nimeona nikueleze alikokuwa. Alikwenda kwa mama. Nilikwenda naye.

Tulifika mchana. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Alimtazama kutoka chini mpaka juu, na juu ni mbali, akasema, "Umekonda." Yeye akasema, "Shikamoo mama, nina mafua." Mama akasema, "Marahaba. Ingia, usisimame kwenye jua." Miaka yote ile iliisha hivyo tu, mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kuwatenganisha, nikabaki na mikoba mkononi.

Halafu akaongea. Sijawahi kumsikia akiongea vile. Aliongea akimsaidia kuteka maji, akaongea akitengeneza bawaba ya mlango, akaongea wakila. Mambo ya kawaida kabisa. Alimweleza jinsi fundi wa vyerehani anavyoimba uzi ukimkatikia. Alimweleza habari za Rangi, alivyopanda ngazi na kusahau kopo chini, akashuka, akapanda akasahau brashi. Alimweleza habari zako wewe, jinsi unavyosahihisha orodha ya vyakula mkahawani kabla ya kuagiza, mpaka mwenye mkahawa akaacha kuiandika. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Sauti ilikuwa inakatika, anameza, anaendelea. Nilikuwa najua inamuuma. Nikitaka kumzuia ananikonyeza.

Hakughani hata mstari. Siku ya kuondoka mama mwenyewe akasema, "Sasa hilo shairi ninaloambiwa na watu, mimi mama yako sina haki ya kulisikia?" Wakaingia ndani. Mimi nilikuwa naanua nguo. Nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Haikuchukua muda mrefu. Mama alitoka akasema, "Haya, basi la mjini litawaacha," akaenda kufungia kuku.

Juu ya ugonjwa hakumwambia neno. Kwenye basi nilimuuliza, "Utamficha mpaka lini?" Akasema nimwache. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwangu, "niache," na wala si baya.

Dada yako


24 Mei

Rangi,

Nimesoma barua ya dada mara nyingi. Msimkasirikie.

Lakini kuna kazi. Mashairi yake yako vichwani mwetu, mimi, wewe, Besi, mwalimu wa muziki, hata mwenye mkahawa anakumbuka yale ya mapenzi. Andikeni kila mnachokumbuka, hata vipande. Nileteeni. Nitavipanga, nitahesabu mizani, palipopasuka nitajua cha kufanya. Hapa kuna mchapaji anayeweza kututolea kitabu kidogo. Na ulizeni kwa mama, kwa upole, lile alilomghania. Hilo ndilo la mwisho. Kitabu hakiwezi kutoka bila hilo.

Tutamwekea kitu mkononi. Hawezi kuishia kwenye kibao cha chaki.

Koma


30 Juni

Koma,

Nakuletea karatasi hizi, lakini zisome ukijua zilivyopatikana.

Tulikaa nyumbani, yeye akiwa kwenye kiti karibu na dirisha. Tulianza na lile la mvua, ambalo kila mtu anadai analijua. Mimi nikasema: *Mvua ya jana imenipita, sikulowa.* Besi akasema hapana, ni *imenipiga, sikulowa,* ndiyo utamu wenyewe, amepigwa na hakulowa. Nikamwambia wewe ni mpiga gitaa, unasikia kupiga kila mahali. Akasema mimi napaka kuta tu, na ukuta hausikii. Tukasimama. Mwalimu wa muziki akaja na la tatu, *imenipata,* tukamgeukia yeye.

Twiga alichukua kibao akaandika: NYOTE MMEKOSEA. Tukamwangalia. Nikasema, "Basi tuandikie lenyewe." Akafuta. Akaandika: MNAGOMBEA MAITI NA MWENYEWE NIPO. Akatuonyesha mmoja mmoja, kama yule mzee na muuguzi, akafuta, akateremka ngazi.

Alikwenda kwa fundi wa vyerehani. Yuko huko hadi leo. Anafungua mashine, anasafisha, anatia mafuta, anafunga. Fundi anasema ana mikono mizuri, na kwamba kwa mara ya kwanza amepata msaidizi asiyempigia kelele. Jumamosi hatuendi tena mkahawani. Besi amechukuliwa na bendi ya meli ya watalii, ameondoka na koti, kwa ruhusa yetu. Nimebaki mimi na makopo.

Nikuambie ninachofikiri juu ya ngazi, maana huko kuna nafasi ya kufikiri. Yeye hana huzuni, Koma. Nimemchunguza. Sisi ndio wenye huzuni. Tulikuwa vijana wanne wa ovyo, na kila Jumamosi alikuwa anasimama anatufanya tuonekane tunaelekea mahali. Sasa yeye ametulia na mashine zake, na sisi tunaona kumbe tulikuwa tumekaa tu.

Kwa mama sijauliza. Nenda kaulize wewe.

Rangi


22 Oktoba

Koma,

Dada na Rangi wamekuandikia mengi juu yangu. Sasa naandika mimi. Mwandiko wangu bado ni ule wa kuku, utavumilia.

Kwanza kitabu. Karatasi ulizotuma zilizopangwa nimezisoma. Umefanya kazi nzuri. Kuna mashairi sita mle ambayo sikuyatunga mimi, ni yenu, na mawili kati yake ni mazuri kuliko yangu. La mvua ulivyolimalizia sikuwahi kulifikiria. Lichape ukitaka, weka majina yenu. Langu usiweke. Sisemi hivi kwa hasira. Yale yalikuwa ya mdomo wangu, na mdomo umebadilisha kazi.

Umeuliza nilimghania mama nini. Nilipoingia ndani naye sikuwa na shairi. Nilipekua yote kichwani, hakuna hata moja lililomfaa. Yote nilitunga kwa ajili yenu, watu waliokuwa wanalala njaa na kujiona wafalme. Mama angeniuliza maana kila mstari. Kwa hiyo nikatunga pale pale, juu ya alfabeti yake ukutani, a ni asali, be ni bata, mpaka nilipoishiwa pumzi kwenye me. Vina vilipinda, mizani ilikuwa kama meno ya mtoto. Akasema, "Hili naelewa." Halikumbukiki, na wala usilitafute.

Sasa habari yenyewe. Mama amekuja.

Alimwambia dada anataka kuona huo mkahawa niliomweleza, na kunisikia mbele za watu. Dada alishindwa kumkatalia, akashindwa pia kumwambia, akaniachia mimi. Niliandika karatasi nzima. Niliandika kwa herufi za darasa la kwanza, kubwa, zilizosimama wima, ili asipate shida ya macho. Nilieleza uvimbe, kisu, kila kitu. Rangi aliisoma, akasahihisha mahali nilipoandika "samahani" mara tatu, akaacha moja.

Tulikwenda kituo cha mabasi. Niliwaambia Rangi na dada wakae nyuma. Unajua kituo kile, kila mtu anaita mtu wake, na mimi nimesimama katikati na karatasi. Nilimwona anateremka na kikapu, anaangalia huku na huku. Nikafungua mdomo. Mazoea, Koma. Miezi yote hiyo na bado ulifunguka.

Akaniona. Akaja taratibu, akaweka kikapu chini. Nikampa karatasi. Hakuipokea. Alinyoosha mkono, na ilibidi niiname sana, akagusa kitambaa shingoni kwa kidole kimoja, kama anavyoangalia joto la mtoto.

Akasema, "Iweke hiyo. Nimefundisha darasa la kwanza miaka yote ile. Mtoto mwenye mafua namjua, na anayesingizia mafua namjua. Mwenye mafua hukaa kimya. Wewe ulikuja ukaongea kutwa kucha. Nikajua sauti yako inaniaga."

Nikataka kuandika kwamba sikutaka kumtia hofu. Akanizuia mkono.

"Nilikuacha uongee," akasema. "Ningekuuliza ungelia, na kulia kungekula muda."

Halafu akambebesha Rangi kikapu, akamwuliza ni mtoto wa nani na kwa nini ana rangi masikioni. Dada ndiye aliyelia, kwa niaba ya wote. Mkahawani mama alikwenda vile vile. Alikaa meza ya mbele, akanywa kahawa, akasema ni nyepesi. Mwenye mkahawa akamletea nyingine, naye akamsimulia habari zangu nilipokuwa mdogo, kwa sauti ile ya darasani inayofika ukuta wa nyuma. Watu waligeuza viti. Nilimsikiliza kama wengine.

Yupo hapa sasa, wiki ya pili. Anaulalia mlango wako wa makreti, anasema umemnyoosha mgongo. Fundi wa chini anamwogopa. Asubuhi anazungumza na mimi, anasubiri niandike, anasoma, anajibu, akiona nimeandika ovyo ananirudishia niandike tena. Polepole tunaelewana. Kuna siku tunatumia saa nzima kwa jambo dogo kama la chumvi, na hakuna kati yetu aliye na haraka.

Ukimaliza mwaka wako njoo. Usiniletee mpango wowote. Njoo ukae tu.

Ningeendelea, lakini amesimama juu ya bega langu, amesoma mpaka hapa, na anasema barua hii imeshatosha, vitunguu haviwezi kujimenya.

Twiga